Chura Aliyenipeleka kwa Mke Mwenzangu

La, sikulia. Lile lilikuwa tope, lilinirukia jichoni tulipokuwa tukitoka majini, na atakayewaambia jingine basi huyo hakuwako. Haya, kaeni. Na wewe Mwanakombo unayeandika, usinitengeneze maneno. Mimi sikusoma, niandike hivi hivi nilivyo.

Mwataka kujua nilikwenda wapi na lile dude, na kwa nini nimerudi peke yangu. Nilikwenda kumchukua Riziki. Nyinyi mliohamia hapa Bongwe juzijuzi hamumjui. Riziki ni mke mwenzangu. Marehemu alitutia nyumba moja, mimi chumba cha kushoto, yeye cha kulia, tukatukanana hata nywele zikageuka rangi. Nikipika, aonja, akunja pua, asema kwa ile sauti yake kama mtu mwenye mafua: "Mejumaa, mchuzi huu umeupika ama umeufua?" Akipika yeye, namwuliza samaki huyu alikufa kwa kuvuliwa ama kwa chumvi.

Mzee akaondoka, Mungu amrehemu. Tukakaa eda pamoja, nyumba ile ile, hatuna pa kwenda, hatuna wa kumgombea. Ai! Sijacheka maishani kama nilivyocheka ndani ya eda. Jirani akatugongea ukuta: "Nyinyi wafiwa, mwaomboleza ama mwaoza mtu?" Eda ikaisha, ndugu zake Riziki wakaja, wakamchukua kwao Kijiweni, ng'ambo ya mikoko kule Jego. Tangu hapo napika, nala, namaliza, hakuna aliyesema neno. Mchuzi usiotukanwa hauna ladha, wanangu.

Salamu nimemtumia sana. Zarudi fupi: "Asema hajambo." Kwenda mwenyewe nilijaribu mara moja. Mashua yakuacha mbali, ushuke ukanyage tope mpaka mapajani. Magoti haya yakakataa, nikakwama, wanaume wakanivuta kama kisiki, nikarudi na tope langu bila kumwona. Ndiyo maana niliposikia habari za Chura, usingizi ulinitoka.

DIANI, CHURA AKILAZWA

Bakari, mwana wa kaka yangu, ni mtu wa kikundi cha kupanda mikoko huko Jego. Hoteli moja ya Diani ilikuwa na gari la kuwatembeza wageni matopeni. Wakalichoka, wakawapa kikundi. Gari lenyewe halina milango wala paa, lina magurudumu manane, manene, mafupi, kama mtu aliyevimba miguu. Lapita mchangani, lapita topeni, na likifika majini halizami, laelea, lajipigia kasia kwa magurudumu yake. Ndiyo wakaliita Chura.

Bakari akaniambia, "Shangazi, tukilifikisha tutalijaribu kwanza mpaka Kijiweni. Ukitaka kumwona Bi Riziki, njoo." Kumwona tu? Mimi nilishafagia chumba cha kulia. Nikatia kikapuni mabumunda na achari ya ndimu, nikafika Diani kabla ya wao.

Dereva wa pikapu ya kumvuta Chura kwa trela alikuwa Mkamba wa huko bara, jina lake Mutiso, mrefu, sauti imemkaa kifuani kama debe tupu. Hanijui simjui, akanipigia ukelele: "Shosho! Kaa kando! Hii kitu ikiteleza itakulalia!"

"Shosho ndio nini? Kuku?"

"Shosho ni nyanya, mama."

"Nyanya ya kupikia?"

Akacheka. Tangu hapo tukaelewana.

Msidhani kumpandisha Chura kwenye trela ni kama kupandisha mbuzi. Kwanza Mutiso akajilaza chini, akafungua kizibo tumboni mwa Chura, maji yakatoka chururu. "Akibeba maji ndani," asema, "kila kona maji inaenda upande, inavuta trela nayo." Kisha akaweka vile vyuma vya kupandia, akamvuta kwa winchi polepole, akamsogeza mbele, akamrudisha nyuma, akamsogeza tena, mpaka nikamwuliza kama anatafuta kibla.

"Shosho, uzito ukikaa nyuma sana, hii trela itapepea mkia kama mbwa. Ukikaa mbele sana, pikapu yangu itainua pua."

Ikaja kazi ya mikanda. Bakari, ambaye ni mtu wa mashua, akachukua mkanda akaupitisha juu ya magurudumu. Mutiso akaruka. "Zii! Si hapo! Hiyo tairi pumzi yake ni kidogo. Barabara itaiminya, itanywea, na mkanda utalegea. Shika chuma ya bodi!"

Nikalibonyeza gurudumu kwa kidole. Kweli, laini kama bumunda.

Basi mikanda minne, kila pembe mmoja, imepishana mbele, imepishana nyuma, imeshika chuma kwa chuma. Pale pa kukazia pana kidude cha meno: krr, krr, krr. Mutiso akamshika Chura akamtikisa kwa nguvu zake zote, na trela nzima ikatikisika. Akafurahi. "Umeona? Ukitikisa mmoja, wanatikisika wote. Hapo sasa ni mtu na bibi yake."

"Mtu na bibi mmoja," nikamwambia. "Sisi tulikuwa wawili, na mzee wetu alitikisika zaidi."

DIANI MPAKA MSAMBWENI

Nilikaa katikati yao, kikapu mapajani. Tumeshika lami tu, nikasikia nyuma yetu kitu kinaimba: vuuuuu, vuuuuu. Nikadhani ni jini.

"Ni mkanda wa nyuma," asema Mutiso. "Upepo unapita chini yake. Ukiupiga msokoto mmoja unanyamaza. Tutafanya hiyo Msambweni, tukikula."

"Tukila," nikamwambia.

"Ndiyo, tukikula."

Nikaacha. Huyu amezaliwa hivyo.

Mimi ule mkanda ulinipendeza. Riziki alikuwa na wimbo kama huo akisuka ukili, mdomo umefumbwa, sauti yapitia puani, hauna maneno wala hauna mwisho. Nilikuwa namtupia kandambili anyamaze. Nikakaa pale pikapuni nasikiliza vuuuuu, Gazi ikapita sikuiona.

MSAMBWENI, PENYE CHAPATI

Hapa ndipo palipoharibika jambo, na aliyeharibu ni Kiswahili, si mtu.

Tulisimama kando ya kibanda cha mama mmoja mpishi. Mutiso akashuka, akailegeza mikanda miwili ya nyuma ili aitie msokoto. Kabla hajaikaza, mama mpishi akapaza sauti, nyembamba kama filimbi: "Bosi wa treela! Chapati zapoa, na maharagwe nayo yanakuuliza!" Mutiso akamwashiria Bakari: "Malizia hizo za nyuma," akaingia kibandani. Bakari alikuwa na simu sikioni, anaongea na watu wa Jego, wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja. Akainua mkono. Mkono ule ulimaanisha subiri. Mutiso akadhani wamaanisha sawa.

Mimi nikaletewa viazi vya karai na ukwaju, nikala zangu garini.

Sasa angalieni. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Bakari Alhamisi haachi, afunga sunna. Mutiso akatoka kibandani na chapati mkononi, shavu limejaa, akamwuliza, "Umefunga?"

Bakari akaitazama ile chapati. Akaweka mkono kifuani kwa adabu. "Nimefunga, alhamdulillahi."

"Poa. Twende."

Nami nilisikia kwa masikio yangu mawili, na nikasema moyoni, maskini, mtu wa bara lakini ana heshima, amwuliza mwenzake kwanza kabla hajamkaribisha.

Tukaondoka. Nyuma kimya. Mutiso akapiga usukani kwa furaha. "Mnasikia? Kimya! Msokoto umefanya kazi!"

Bakari akaitikia tu, "Mashallah." Mawazo yake yalikuwa bado kwenye ile simu ya Jego.

KABLA YA RAMISI

Tukapanda tuta moja, la pili, la tatu. Mwenye bodaboda akatupita, akageuka nyuma huku anaendesha, akapiga yowe: "Chura wenu anashukaaa!"

Mutiso akasimamisha kando. Tukashuka. Ehe! Mikanda ya mbele imeshikilia, lakini nyuma amehama, makalio yake yamechungulia barabarani kama mke aliyekasirika kitandani. Mkanda mmoja umeburuzwa kwenye lami mpaka umetafunika nyuzi.

Mutiso akashika kichwa. "Bakari! Si nilikuuliza? Umesema umefunga!"

"Nimefunga! Wallahi nimefunga!"

"Umefunga nini? Angalia!"

"Nimefunga! Leo Alhamisi!"

"Sasa Alhamisi na mkanda ni nini na nini?"

Mimi nilishaelewa, lakini kicheko kilinikamata, nikajishikilia mlangoni, nikashindwa kuwafasiria. Wakazidi kupigiana kelele, huyu "umefunga," yule "nimefunga," wote wasema kweli. Nilipopata pumzi nikamwambia Mutiso, "Mwanangu, yeye amefunga mdomo. Wewe ulimwuliza mkanda." Akamtazama Bakari. "Kumbe hujakula tangu asubuhi?" Na badala ya kumgombeza tena, akaingiwa na haya, akapanguza mafuta ya chapati mdomoni.

Watu wakajaa. Na nyinyi mwajua watu wetu, kila mmoja fundi. Mzee mmoja aliyetoka kwenye shamba la mua akamzunguka Chura mara mbili, mikono nyuma, akatoa hukumu kwa sauti ya khatibu: "Mumemkaza mno huku mbele. Chombo hufungwa kikaachiwa kupumua. Mkikibana, kitapigana na kamba."

"Mzee, hii si chombo. Ni gari," asema Mutiso.

"Laelea?"

"Inaelea."

"Basi ni chombo."

"Lakini iko juu ya lami!"

"Hata mashua ikipandishwa juu ya lami haigeuki kuwa gari."

Watu wakaunga mkono mashua. Mutiso alikuwa peke yake upande wa gari, naapa alikaribia kulia. Akasema, "Ikiwa majini iwe ya kwenu, mfunge mnavyotaka. Lakini ikiwa juu ya trela yangu ni gari, na gari haipumui!" Yule mzee akakubali, lakini kwa shingo upande, na alikuwa wa kwanza kuweka bega walipomrudisha katikati.

Mkanda mwingine ukabidi uletwe kwa bodaboda kutoka Msambweni. Tukangoja. Adhuhuri ikapita, Bakari akasali kando ya shamba, jua likaanza kuegemea. Mzee akanikatia mua, na mimi meno sina, nikawa naunyonya kama mtoto. Mutiso aliniambia, "Pole, shosho, leo tumekuchelewesha." Nikamwambia sina haraka. Uongo. Nilikuwa nahesabu lile jua kama mtu aliyeposwa. Kila lilipoteremka niliona Kijiweni inarudi nyuma. Nilishapanga vitu vyote. Riziki atatoka, atanitazama kutoka juu hadi chini, atasema, "Bado hujafa?" Nami jibu langu nilikuwa nalo tayari, tamu, nilikuwa nimelipika tangu Bongwe: "Nimekuja kukuuliza wewe uliyetangulia kaburini, huko mnaingiaje." Nikalisema taratibu peke yangu, nikacheka. Yule mzee wa mua akanitazama akasogea mbali kidogo.

Mkanda ulipofika walikaza yote minne upya, na safari hii Mutiso alimshika Bakari mkono akamgusisha mmoja mmoja. "Huu umekazwa? Sema umekazwa. Neno la kufunga leo nimelikataza."

LUNGA LUNGA, JEGO

Tulisimama tena baada ya mwendo mfupi kuiangalia mikanda, kisha Lunga Lunga, halafu tukakata kwenda chini Jego. Tukafika magharibi yaadhiniwa. Bakari akafuturu kwa tende na maji hata hajashuka vizuri. Mkewe akatuwekea wali wa nazi na changu wa kupaka. Mutiso akala akalamba vidole, asema kwao samaki ni hadithi.

Kisha akaja mwenyekiti wa kikundi, mtu wa tumbo, akizungumza anajisikiliza mwenyewe. "Ahlan, Bi Mejumaa, shikamoo. Kesho Ijumaa, inshallah, tutalizindua baada ya sala, tuanze na miche yetu upande wa huku. Kijiweni, tukijaaliwa, wiki nyingine. Jambo haliharakishwi."

"Marahaba," nikasema.

Asubuhi, Mutiso alipokuja kuifungua mikanda, alinikuta nimeshapanda. Msiniulize nilipandaje. Nimekaa kiti cha mbele cha Chura, juu ya trela, kikapu mapajani, mkanda umepita miguuni mwangu.

"Shosho! Shuka nitoe huyu!"

"Mtoe."

"Siwezi kumtoa na wewe ndani."

"Basi tukae."

Wakaja watu. Mwenyekiti akaja. "Bi Mejumaa, mama yangu, heshima yako, hebu shuka."

Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, tumbo na yote: "Mwenyekiti, baba yangu, mzigo haushuki njiani. Washuka ulikoandikiwa. Jambo haliharakishwi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akacheka kwa kulazimika, akamwambia Mutiso, "Mpeleke, mumrudishe kabla ya sala ya Ijumaa." Hapo nikashuka kwa adabu, wakamteremsha Chura, kizibo kikarudishwa tumboni, nami nikapanda tena kwa heshima zote.

NG'AMBO

Chura topeni hana makuu. Kule nilikokwama mimi kama kisiki alipita akiguna tu, mizizi ya mikoko huku na huku, kaa wanakimbia wamechukia. Tulipofika kwenye maji Bakari akasema bismillahi, Mutiso akafumba jicho moja, na sakafu ikawa nyepesi chini ya miguu yangu. Tunaelea. Magurudumu yakazunguka yakichota maji, polepole, mwendo wa mtu anayekwenda kwenye jambo lake hataki kuulizwa. Nikauona moshi wa Kijiweni. Moyo ukanidunda, mimi bibi kizee. Hata siku ya harusi yangu haukudunda hivyo. Siku ile nilikuwa namfuata mtu nisiyemjua.

Tulipanda ufuo, tope likaruka, hilo nilishawaambia.

Riziki alikuwa barazani, juu ya mkeka, anasuka ukili. Amenenepa. Hakuinuka mara moja, akanitazama vizuri, nami nikasubiri, jibu langu liko ulimini.

"Karibu, Bi Mejumaa," asema. "Habari za Bongwe?"

Bi Mejumaa! Nikageuka nyuma kutazama kama kuna mwingine.

Nikaketi. Nikampa mabumunda, akapokea kwa mikono miwili, "Ahsante sana, Mungu akulipe." Nikampa achari, "Umejitaabisha." Nikamtolea leso niliyomnunulia, akaikunja bila kuisoma jina, yale maneno yake ya pindoni. Akaingia ndani, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, kina kisahani chake. Pua hakuikunja. Nikaona huyu amelala, ngoja nimwamshe. Nikaonja ile chai nikaitema kidogo. "Riziki, chai hii umeipika ama ndiyo maji ya kuoshea vikombe?"

Bakari akatazama chini. Nikangoja.

"Niwie radhi," asema Riziki. "Nitakuongezea sukari."

Akaongeza, akakoroga yeye mwenyewe, kijiko hakigongi.

Basi mchezo nikauacha. Nikamwambia kwa sauti yangu, hii mnayoisikia, siyo ya mtu mwingine. Nikamwambia chumba chake kipo, nimekifagia, kitanda nimekisuka upya, msumari wake wa kutundikia buibui sijautundikia kitu. Mtaa mzima wanasema chakula changu kitamu na wote ni waongo. Nikamwambia, Riziki, nyumba ile imekuwa kimya mno, twende nyumbani. Gari lile lina nafasi.

Akaendelea kusuka mpaka akafika mwisho wa ule ukindu, akachukua mwingine, akauchomeka. Halafu akaniinulia macho, wala hakuwa na hasira. Akanijibu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Mejumaa, mimi nilikuwa nikigombana na wewe kwa ajili yake. Yeye amekufa. Wewe nikutakie nini?"